Mashine ya kupasulia kuni: ya kufunga kwenye trekta au yenye injini yake?

Kiangazi kikiingia Mufindi na Njombe, swali hili hurudi. Mtu ana mikaratusi iliyokomaa, kiwanda cha chai kimekubali kuchukua kuni zake, vijana wa shoka wamekuwa adimu au wamepandisha bei, na kwenye simu yake zipo picha za mashine mbili za kupasulia kuni. Moja hufungwa nyuma ya trekta. Nyingine ina injini yake ndogo na magurudumu mawili, inavutwa hata na pikapu. Muuzaji wa ile ya kwanza anamwambia, "Trekta si unayo tayari? Injini ya pili ya nini?" Muuzaji wa ile ya pili anamjibu kwa namba moja: tani 30. Upande wa Kericho na Nandi mabishano ni hayo hayo, na karibu kila mara huishia kwenye nguvu. Ipi ina nguvu zaidi?

Nguvu ndiyo iwe ya mwisho kuulizwa. Mashine zote mbili, zikiwa nzima, zitapasua gogo lako. Kinachozitofautisha ni kazi nyingine ambayo trekta yako inangojewa kuifanya wiki hiyo hiyo, kiasi cha oili ambacho pampu inasukuma kwa dakika, na urefu wa kipande anachotaka mnunuzi wako. Ila ili hayo yaeleweke, inabidi tuifungue mashine kidogo.

Kinachotokea ndani

Mashine karibu zote za siku hizi hupasua kwa haidroliki. Pampu huvuta oili kutoka kwenye tangi na kuisukuma kwa shinikizo ndani ya bomba nene la chuma, yaani silinda. Humo mna pistoni. Oili ikiingia upande mmoja, pistoni husogea, na fimbo yake husukuma gogo kwenye kabari ya chuma. Kwa mashine za kusimama, kabari yenyewe ndiyo hushuka juu ya gogo. Leva moja huelekeza oili mbele au nyuma. Hakuna siri zaidi ya hapo.

Kuna mambo mawili tu ya kushika. Shinikizo la oili, pamoja na upana wa silinda, ndilo linaloleta nguvu. Wingi wa oili inayopita kwa dakika ndio unaoleta kasi. Watu wawili wanaobishana kijiweni kuhusu mashine hizi mara nyingi mmoja anaongelea nguvu na mwenzake anaongelea kasi, na wote wako sahihi.

Tuanze na kasi. Silinda yenye kipenyo cha sentimita 10 na mwendo wa sentimita 60 humeza oili kama lita 4.7 kwa safari moja ya kwenda. Pampu ikitoa lita 40 kwa dakika, safari hiyo ni sekunde 7. Ikitoa lita 20, ni sekunde 14. Kurudi huwa haraka kidogo kwa sababu fimbo imekwisha kukalia sehemu ya nafasi. Kwa gogo moja tofauti hiyo huioni. Kwa siku nzima, unaiona kwenye ukubwa wa lundo jioni.

Sasa nguvu. Silinda hiyo hiyo ina eneo la sentimita za mraba 78.5. Shinikizo likiwa kilo 170 kwa kila sentimita ya mraba, ambalo ni la kawaida kwa mashine za aina hii, unapata kilo 13,345, yaani tani 13 na kidogo. Mtu akikuuzia mashine yenye silinda ya sentimita 10 kwa jina la "tani 25", anadai kwamba oili yake inasukuma kwa zaidi ya kilo 310 kwa sentimita ya mraba, na pampu ndogo za gia zinazofungwa kwenye mashine hizi kwa kawaida hazifiki huko. Chukua futi kamba, pima silinda, piga hesabu hapo hapo dukani. Kumbuka vilevile kwamba tani ya Kimarekani ni kilo 907, si kilo 1,000, kwa hiyo hata lebo ya kweli inaweza kukupunja kilo 93 kwa kila tani.

Lakini hata tani 30 za kweli si lazima ziwe na faida kwako. Gogo nyoofu la kipenyo cha sentimita 25 au 30 mara nyingi huachia kwa tani 7 tu. Nguvu kubwa huhitajika pale mwanzo, kabari inapoingia. Ufa ukishafunguka, mti humalizia wenyewe. Tani nyingi ni za vifundo, matawi yaliyoungana na visiki. Tena silinda pana hula oili nyingi, hivyo kwa pampu ile ile mashine ya tani nyingi huenda polepole zaidi. Utakuwa umelipia nguvu ya kupasua magogo machache mabaya, halafu ukaingoja mashine kwenye yale mengi mazuri.

"Ya trekta" ni mashine tatu

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu muuzaji akisema "ya trekta" anaweza kuwa na maana ya vitu vitatu visivyofanana.

Ya kwanza haina pampu wala tangi. Unachomeka mipira yake miwili kwenye matundu ya haidroliki ya trekta, na trekta ndiyo inayotoa oili. Ni rahisi kutengeneza, kwa hiyo huwa ya bei ya chini, na mafundi wazuri wa kuchomelea wa mjini wanaiweza. Udhaifu wake ni kwamba inategemea kabisa pampu ya trekta. Matrekta mengi kuukuu tunayoyaona vijijini yalipewa pampu ya kunyanyua jembe, kazi ya sekunde chache kisha kupumzika. Kuifanyisha kazi ya kusukuma silinda mbele na nyuma saa nane mfululizo ni jambo jingine. Mengine hayana hata matundu ya nje. Unakuta fundi ameunga mpira mahali ambapo hata yeye hana uhakika napo.

Kibaya zaidi, katika matrekta mengi yaliyozoeleka kwetu, oili ya haidroliki ni ile ile inayolainisha gia za nyuma. Mchanga na vumbi la mbao vikiingia kwenye kiungio cha mpira siku ya kupasua kuni, haviishii kwenye mashine ya kuni. Vinakwenda kukaa kwenye gia ambazo kuzifungua ni gharama ya kukutoa jasho. Na silinda mpya, tupu, ikijaa kwa mara ya kwanza, hiyo oili imetoka kwenye trekta: iongezee trekta oili, kisha pima tena kwa kijiti.

Ya pili ina pampu na tangi lake, ila inazungushwa na PTO, ile shafti inayochomoza nyuma ya trekta na ambayo wengi tunaijua kwa kuzungushia mashine ya kupukuchulia mahindi au ya kukata nyasi. Oili haichanganyiki. Kasi yake haitegemei uzee wa pampu ya trekta. Shafti huzunguka mara 540 kwa dakika, mwendo ambao ni wa polepole kwa pampu nyingi ndogo, ndiyo maana katikati huwekwa giaboksi ya kuongeza mizunguko. Ukiuliza bei ya hii utashangaa inakaribia ile yenye injini yake. Na ndivyo inavyopaswa, maana ni mashine kamili iliyokosa injini tu.

Ya tatu ni ile ya parafujo: koni ya chuma yenye meno, inazunguka kwa nguvu ya PTO, unaisogezea gogo nayo inajichimba ndani mpaka gogo lipasuke. Haina oili, haina silinda, ni ya bei ya kutupa. Haina pia namna ya kusimama haraka wakati gogo limeganda kwenye koni na kuanza kuzunguka nalo, au nguo ya mtu imeshikwa. Sitaipigia hesabu zaidi katika makala haya. Kama unayo, iuze kama chuma chakavu.

Injini ya farasi 6 inawezaje kushindana na trekta ya farasi 60?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linaloondoa nusu ya mkanganyiko.

Kusukuma lita 40 za oili kwa dakika kwa shinikizo la kilo 170 kunataka nguvu za farasi kama 15. Injini ndogo haina hizo. Kwa hiyo mashine nyingi zinazojitegemea hufungwa pampu ya hatua mbili. Lori lenye shehena likiwa tambarare ya Ruaha Mbuyuni hukimbia. Likianza kupanda Kitonga, dereva hushusha gia, linatambaa lakini linapanda. Pampu ya hatua mbili hufanya hivyo yenyewe. Kabari ikiwa bado haijagusa mti, inatoa oili nyingi kwa shinikizo dogo, na pistoni inakimbia. Mti ukikaza, inabadilika: oili inapungua mpaka lita 10 au 11 kwa dakika, shinikizo linapanda mpaka mwisho. Kusukuma lita 11 kwa kilo 170 kunataka farasi 4 tu, ukiongeza kidogo kwa ajili ya upotevu ndani ya pampu. Mara ufa unapofunguka, inarudi kwenye mbio.

Trekta kwa upande wake ina farasi 60, lakini hizo zimekaa tayari kwa ajili ya magurudumu na jembe. Kinachofika kwenye gogo lako ni kile tu pampu inachoweza kupitisha. Pampu ya lita 20 kwenye trekta kubwa itakwenda polepole kuliko ya lita 40 kwenye injini ya pampu ya kumwagilia. Ndiyo maana kumwambia mtu "trekta yangu ni kubwa" hakujibu chochote. Mwambie lita kwa dakika.

Hapa kuna jambo ambalo vipeperushi vilivyoandikwa kwa watu wa nchi za tambarare havikuambii. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Mafinga iko kwenye mita 1,900 hivi, Kericho mita 2,000, Limuru zaidi ya hapo. Injini iliyoandikwa farasi 6.5, ikifika huko, inabaki na kama 5.2. Bado itapasua, ila haina akiba tena, na pampu inapohamia kwenye shinikizo kubwa utaisikia ikilalama na mara nyingine kuzimika. Kwa nyanda za juu, chukua farasi 9 hata kama muuzaji wa Dar anaapa kwamba 6.5 zinatosha. Kwake zinatosha.

Kuni za kiwanda si kuni za jikoni

Kiwanda cha chai hakichomi kuni kwa mazoea. Boila huzalisha mvuke, mvuke hupasha hewa, hewa hiyo ya moto hunyausha na kukausha majani. Gogo la mkaratusi lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo lazima yageuke mvuke na kutoka kwenye dohani kabla mti haujaanza kutoa joto la maana. Kilo moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa megajuli kama 14 hivi. Kilo ya kuni zenye unyevu wa asilimia 50 hutoa kama 8. Gome ndilo linalofungia maji ndani. Gogo zima likiachwa juani hukaukia kwenye vichwa vyake viwili, katikati likabaki bichi kwa miezi. Kupasua ni kufungua njia ya maji.

Kwa hiyo wakati wa kupasua una maana. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba. Kuni zilizopasuliwa Juni zina miezi mitano ya jua na upepo mkavu. Zilizopasuliwa Oktoba mwishoni zinaingia mvuani zikiwa bado mbichi, na chai nyingi huvunwa wakati huo huo wa mvua, boila likiwa halilali.

Usisubiri pia zikauke ndipo uzipasue. Huu ni uzushi unaotembea sana, labda kwa sababu mipaini na miti mingine ya nyuzi nyoofu husamehe. Mkaratusi una nyuzi zinazopindana; ukiwa mbichi hupasuka, ukikauka hukaza na kuing'ang'ania kabari. Mashine inayoonekana dhaifu Septemba huenda ingefanya kazi ile ile bila shida Juni, wiki chache baada ya mti kuanguka. Kabla ya kununua tani zaidi, badilisha kalenda.

Halafu urefu. Mashine nyingi ndogo zinazojitegemea hupokea gogo lisilozidi sentimita 60 hivi, kwa sababu zilibuniwa kwa ajili ya majiko ya nyumbani ya nchi za baridi. Vipo viwanda vinavyonunua kuni za mita moja na kuzipanga kwa mita za ujazo. Ukiwa na mnunuzi wa namna hiyo, mashine ya sentimita 60 ni pambo. Utahitaji ya kusimama yenye nafasi ya mita moja na ziada, ambazo nyingi hutengenezwa Ulaya, za PTO, za umeme, na nyingine zenye vyote viwili kwenye fremu moja. Muulize mnunuzi kwanza, kwa maandishi ikiwezekana. Na usisahau uzito: gogo bichi la mkaratusi la mita moja lenye kipenyo cha sentimita 40 lina kilo 120 hivi. Mashine yoyote isiyokubali gogo kubingirishwa na kusimamishwa chini, bila kunyanyuliwa hadi kiunoni, itawamaliza vibarua wako migongo kabla ya kumaliza lundo.

Kalenda ya trekta

Sasa tuje kwenye kile ninachoamini ndicho kinachoamua.

Trekta moja haiwezi kupasua kuni na kuvuta trela kwa wakati mmoja. Linaonekana jambo dogo mpaka uwe shambani. Magogo yanatoka bondeni kwa trela. Kuni zilizopasuliwa zinakwenda barabarani kwa trela. Mahindi yanatoka shambani Juni hadi Agosti kwa trela hiyo hiyo, na majirani wanakupigia simu uwasaidie kwa malipo. Oktoba wanaanza kukupigia kwa ajili ya kulima. Kila saa ambayo trekta imesimama na kabari nyuma yake, kazi hizo zote zimesimama, na timu ya kupasua nayo husimama kila trekta inapoondoka.

Kwa hiyo anayesema mashine ya trekta haina gharama ya injini, ameacha kuhesabu injini ghali kuliko zote hapo shambani. Gharama ya trekta kupasua kuni ni dizeli pamoja na ile pesa ambayo ingeingia kama ingekuwa kwa jirani inalima heka zake. Ongeza na mita inayohesabu saa za kazi za injini. Matrekta mengi hudai kubadilishiwa oili ya injini kila saa 250. Pasua kuni saa 8 kwa siku kwa mwezi mmoja wa siku 31, umefikisha saa 248. Mwezi mmoja wa kuni umekula servisi nzima ya trekta bila gurudumu kuzunguka.

Dizeli yenyewe? Trekta ya kati ikizungusha PTO kwa mzigo mwepesi inaweza kunywa lita 3 hadi 5 kwa saa, na sehemu kubwa ya hizo ni kwa ajili ya kujizungusha yenyewe. Injini ndogo ya petroli kwenye kazi hiyo hunywa lita moja na kidogo. Wapo wanaoshusha mizunguko ya trekta ili kuokoa mafuta. Pampu nayo hushuka kwa kiwango kile kile, kazi inachukua muda mrefu, na mwisho wa siku hakuna kilichookolewa. Matrekta mengi yana alama ya 540 kwenye geji ya mizunguko. Fikisha mshale hapo au usianze.

Haya, ipo hali ambayo mashine ya PTO hushinda bila ubishi. Mwenye shamba kubwa ana trekta ya pili, ya zamani, isiyotosha tena kulima lakini injini yake bado inawaka asubuhi. Kuni zake ni za wiki mbili tatu kwa mwaka. Miti yake iko kwenye miteremko ambako pikapu haifiki. Kwa huyo, kuning'iniza mashine kwenye mikono mitatu ya trekta, kwenda nayo mpaka kwenye kisiki, kuishusha chini na kuanza kazi ni raha isiyo na mfano. Hana petroli ya kutunza mbali na dizeli. Hana injini itakayolala miezi tisa hadi petroli iozee kwenye kabureta. Na kwa kuwa trekta ni nzito, mashine haichezi.

Mwenye trekta moja anayeitegemea kwa kukodisha, ushauri wangu ni mwingine: nunua yenye injini yake, hata kama ni ndogo kuliko uliyoiota. Asubuhi trekta inaivuta mpaka kwenye lundo, inaifungua, inaondoka na trela. Jioni inaifuata. Vijana wawili wanapasua mchana kutwa bila kumngoja dereva. Injini ikifa, ni zile zile za pampu za maji na jenereta. Spea zake zipo Makambako, zipo Kericho mjini, na fundi hakosekani. Trekta ikifa kwa sababu ya oili iliyochafuliwa na mashine ya kuni, msimu mzima umekufa nayo.

Na anayefanya kazi hii mahali pamoja, kwenye yadi karibu na kiwanda au mjini, asisahau kuuliza umeme. Mota ya umeme wa fezi tatu haina kabureta, haijali mwinuko wa mlima kama injini inavyojali, na inazimwa papo hapo kazi ikisimama. Kama nguzo yenye fezi tatu imepita karibu na yadi yako, fanya hesabu hiyo kabla ya zote.

Jambo jingine kabla ya kukopa. Serikali ya Tanzania imezitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania. Kama mnunuzi wako mkubwa ni shule au chuo, soko lako lina tarehe ya mwisho. Boila za chai ni habari nyingine, lakini mkopo wa miaka mitatu uliosimama juu ya jiko la shule moja mimi nisingeusaini.

Vidole

Shafti ya PTO inazunguka mara 9 kila sekunde. Kanga, koti refu, kamba ya buti, chochote kikishikwa, hakuna muda wa kupiga kelele. Ile bomba ya plastiki inayofunika shafti si urembo, na ikivunjika kazi isimame hadi ipatikane nyingine. Kwa hilo peke yake mashine yenye injini yake ina nafuu, kwa kuwa haina shafti ya wazi.

Upande wa kabari, ajali nyingi huja watu wawili wanapofanya kazi ya mmoja: mmoja ameshika leva, mwenziwe anarekebisha gogo, wanaelewana kwa kichwa. Anayeshika leva ndiye awe anayeweka gogo. Mashine za Ulaya hulazimisha leva mbili, moja kila mkono, ili kabari isitembee kama mikono yote miwili haiko mahali salama. Ukikuta fundi amefunga moja kwa waya ili "kurahisisha", kata waya huo.

Na mpira ukivuja, usitafute tundu kwa kidole. Oili inayotoka kwenye tundu la sindano kwa shinikizo hilo hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, kisha mkono huoza kwa ndani. Tumia kipande cha boksi kutafuta uvujaji. Aliyepenywa aende hospitali papo hapo, hata kama tundu ni dogo kama la mbu.

Dukani

Nenda na gogo lako baya kuliko yote, lenye kifundo na tawi lililoungana, la urefu anaoutaka mnunuzi wako. Waache wakuoneshe kwanza magogo yao mazuri ya mpaini, kisha weka lako. Hesabu sekunde za kabari kwenda na kurudi ikiwa tupu, halafu na gogo. Kama ni ya kuchomeka kwenye haidroliki ya trekta, majaribio yafanyike na trekta yako, si ya muuzaji. Pima kipenyo cha silinda. Omba ifungwe geji ya shinikizo na uone mshale unafika wapi kabari inapokwama. Uliza sili za silinda, yaani pete za kuzuia oili isivuje, ni za saizi gani na zinauzwa wapi, maana hizo ndizo zitakazokufa kwanza. Akijibu kwamba zinaagizwa kutoka nje, mwambie akuongezee seti mbili kwenye bei hiyo hiyo kabla hujalipa.